Ruta ya Mtwapa

Gari letu lina mwanamke wa Kijapani ndani yake. Kila ukiwasha injini, kabla hujafunga mkanda, husema maneno machache ya haraka, kwa adabu kubwa, ambayo hakuna mtu wa Malindi anayeyaelewa. Wenye magari ya mtumba wanaijua sauti hiyo kutoka Vanga mpaka Kiunga. Muuza magari mmoja wa Mombasa ndiye aliyenifungua macho: huyo mama hasalimu, analalamika. Kwao, ada ya barabara kuu hukatwa na mashine ya ETC iliyomo garini, na mashine hiyo hutaka kadi. Kadi ilibaki Japani kwa mwenyewe. Basi tangu gari lishushwe Kilindini, kila alfajiri mama wa watu anatuarifu kwamba kadi haimo. Mama mkwe wangu, akipanda, humjibu: "Hatujambo mwanangu, sijui nyinyi." Wanaelewana vizuri sana.

Kwenye dashibodi kuna skrini ya ramani, nayo ramani ni ya Japani peke yake. Ukiwa Gede, ukiwa Msabaha, ukiwa umeegesha mbele ya msikiti wa Barani, skrini ni buluu tupu na kishale chekundu katikati. Kitindamimba wetu alipokuwa mdogo aliamini kishale ndicho sisi na buluu ndiyo bahari, akawa hapandi bila kuuliza kama gari linajua kuogelea.

Kenya hairuhusu gari kuukuu kuingia nchini likiwa limepita miaka 8, ndiyo maana akina mama hawa hufika wakiwa bado na pumzi zao. Sasa gari hili lisilojua liko wapi lilinunuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji akatia ndani yake kitu kinachojua liko wapi kila dakika. Siku ya kutia traka fundi alinifukuza kiungwana nikanywe soda ng'ambo ya barabara, kwa sababu mwenye gari hatakiwi kujua kitu hicho kimefichwa wapi. Nilikunywa soda nikiangalia miguu yake ikitoka chini ya usukani wangu. Ninachojua ni kwamba ni kijisanduku kidogo chenye laini ya simu tumboni. Hupokea ishara za setilaiti, hupiga hesabu ya mahali kilipo, kisha hutuma jibu ofisini kwa mtandao wa simu, na waya wake mmoja umeungwa kwenye stata. Ofisi ikitaka, gari haliwaki.

Safari iliyotutambulisha na ofisi hiyo ilikuwa ya posa. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba Bamburi, na wazee wakakata shauri kwamba gari letu ndilo la kubeba ujumbe, kwa kuwa lina kiyoyozi. Mbele alikaa ami yetu, kanzu imepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, bakora kati ya magoti. Nyuma mashangazi na masinia yaliyofunikwa leso mpya. Tulipita Matsangoni, tukapita Tezo, tukasimama Kilifi kununua korosho kwa sababu ami hawezi kuvuka Kilifi bila korosho, tukashika njia ya Vipingo.

Hori ya Mtwapa ndiyo mpaka: upande huu Kaunti ya Kilifi, upande ule Mombasa. Tukiwa juu ya daraja, foleni imeganda, simu yangu ikalia. Sauti ya msichana, Kiswahili safi, heshima tele.

"Habari za mchana, mteja wetu. Mfumo unatuonyesha kuwa gari linatoka nje ya Kilifi. Mko salama?"

"Nani huyo?" ami akauliza.

"Ofisi ya gari."

"Iko wapi?"

"Nairobi."

"Na ametuona?" Ami aliinama, akachungulia mbingu kupitia kioo cha mbele, akaiweka kofia yake sawa. Kisha akaomba simu. "Mwanangu, sisi tunakwenda kuposa."

"Hongera sana, mzee. Mnatarajia kurudi saa ngapi?"

"Posa haina saa. Wakikubali upesi, tutarudi upesi."

"Basi nitaandika safari ya kifamilia."

"Andika ya kheri," ami akasema, akanirudishia simu, akamsifu yule binti kwa malezi mpaka Shanzu.

Alichoandika binti ni kheri tupu, sina shaka. Mfumo ndio uliokuwa na fikira zake. Maneno yalisemwa, sharubati ikanywewa, tukaagwa hadi mlangoni, mashangazi wakajipanga kwenye viti. Nikawasha. Mama wa Kijapani akalalamikia kadi yake, halafu kimya. Nikawasha tena, naye akalalamika tena. Stata haikutoa hata mkohozi. Ukweni wote wako barazani wanatutazama, pamoja na majirani wa ukweni na watoto wa majirani, na baba wa msichana akashuka ngazi kuuliza gari lina nini. Hapo ndipo pa kusema nini? Kwamba ujumbe mzima wa posa umezimwa na ofisi ya mkopo? Mdogo wangu alikuwa amegeuka rangi.

Ami alifungua mlango taratibu, akaegemea bakora yake. "Limekataa kuondoka," akasema. "Limependa hapa."

Baraza zima lilicheka. Chai ikapikwa upya, na ile mahari iliyokuwa imekwama penye neno moja ikalegea na kushuka. Mimi wakati huo niko nyuma ya mwarobaini na simu sikioni, nikimthibitishia kijana wa zamu ya jioni kuwa mimi ndiye mimi. Yule binti wa mchana alikuwa ameshakwenda zake. Kijana alitaka namba ya kitambulisho, rangi ya gari, na sababu ya kuwa nje ya kaunti. Nikamwambia sababu inakunywa chai. Akabofya kitu huko aliko, akaniambia nijaribu. Likawaka. Tangu siku hiyo ami akipanda gari lile hutoa salamu mara ya pili, ya juu ya paa.

Nimesimulia haya kwa watu wengi na wengi husema dawa ni kununua gari kwa pesa taslimu. Ningependa wasikie habari za wenye pesa taslimu. Mwaka 2023 Wakfu wa Mozilla ulichambua sera za faragha za chapa 25 za magari mapya, na zote 25 zikaanguka mtihani. Wachunguzi wakaandika kwamba katika vitu vyote walivyowahi kuvikagua, gari ndilo baya kuliko vyote. Nissan, katika maelezo yake kwa wateja wa Marekani, ilikuwa imejiandikia ruhusa ya kukusanya hata habari za mambo ya chumbani. Hapa kwetu neno nissan kwa miaka mingi lilikuwa na maana ya matatu ya abiria 14, na mtu aliyewahi kusafiri nayo kutoka Malindi hadi Mombasa, kuku miguuni na kiwiko cha mtu ubavuni, atajiuliza wakusanyaji hao walitarajia kuvuna nini.

General Motors walikwenda mbali zaidi. Machi 2024 gazeti la New York Times lilifichua kwamba magari yao yalikuwa yakitoa habari za dereva, amefunga breki ya ghafla mara ngapi, amekwenda kasi kiasi gani, na habari hizo zikauzwa kwa makampuni yanayozipeleka kwa watu wa bima. Madereva wakaona bima imepanda, wasijue aliyewachongea ni gari lao wenyewe, lililolala kwenye gereji yao wenyewe. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ikatangaza kuwapiga marufuku kwa miaka 5 wasiyape makampuni ya namna hiyo habari za mahali na mwendo wa wateja. Mwezi mmoja kabla yake, Ujerumani, iligunduliwa kwamba habari za magari ya umeme karibu 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zimeachwa wazi mtandaoni, na kwa mengi yao ilijulikana hata yaliegeshwa wapi. Nikilinganisha, mama wangu wa Kijapani ni mstaarabu. Analalamika kwangu tu.

Nisieleweke vibaya. Pwani hii haijapata kuwa mahali pa kujificha. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, hukuweza kwenda Mombasa bila kushuka kwenye foleni ya kivuko, na foleni ya kivuko ilikuwa na macho. Waliokuona Kilifi asubuhi walikuona tena jioni, na walijua ulikwenda na kikapu gani na umerudi na nini. Mpaka sasa yuko bibi mmoja muuza korosho pale steji ya Kilifi. Basi likisimama, hupeleka mkono dirishani na macho ndani, safu kwa safu mpaka kiti cha nyuma. Nina hakika anajua safari za nusu ya wanaume wa Malindi kuliko walivyowahi kuzieleza nyumbani. Siku moja shangazi yangu alimuuliza kwa mzunguko kama amemwona fulani akipita. Bibi alimtazama, akapima karatasi moja ya korosho, akaongeza punje tano juu yake, akasema, "Mimi mwanangu naona mikono tu." Shangazi alizilipa, na mpaka leo hana alichokipata zaidi ya zile tano.

Simu haiongezi punje. Hilo ndilo linalonikera. Mtu akikuona mahali hufikiri kwanza: huyu nimseme, nisimseme, alikuwa na nani, pengine alikuwa na udhuru. Simu haifikiri, huwasilisha. Tena ikikosea huwasilisha kwa uso uleule mkavu, na watu wazima wenye akili zao huiamini kuliko mtu anayekula yamini mbele yao.

Watu wa Malindi hudhani setilaiti ndizo zinazotuona. Si ajabu, sisi tumekua na setilaiti. Huko Ngomeni, kaskazini ya mji, Waitaliano wana kituo chao cha anga ambacho rasmi ni cha Luigi Broglio lakini kila mtu hukiita San Marco, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, kutoka jukwaa lao la baharini iliruka setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Ile haikushughulika na mtu. Ilitafuta miale ya eksrei inayotoka kwenye nyota, ikafanya kazi yake ya mbinguni mpaka ikaisha. Na hata hizi za GPS, za Marekani, zilizo kilomita kama 20,000 juu, hazikuoni wala hazikujui. Kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, usiku na mchana, kwa yeyote mwenye masikio. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiuvuruga makusudi utangazaji huo kwa raia, na jeshi lao pekee ndilo lililoupata safi. Simu yako ndiyo inayosikiliza, ikapiga hesabu, ikajua iko wapi. Kisha ndiyo inayokwenda kusema. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa akapewa rubani wa kumfikisha India, na mnara wake ungali umesimama juu ya mwamba. Kwa hiyo habari ya mahali mtu alipo na anakokwenda imetoka mjini kwetu zamani, na kama tungedai ushuru tungekuwa na barabara nzuri zaidi.

Lakini setilaiti haipenyi dari nene. Na hapo ndipo inapoingia hoteli ya chai ya Shela, hapa hapa Malindi.

Hoteli hiyo ina mahamri na mbaazi asubuhi, kahawa tungu jioni, kuta za matumbawe za unene wa dhiraa, na juu sakafu ya zege. Mwenyewe, ili awapate vijana, alitia intaneti, na badala ya kununua ruta mpya alinunua ya mkono wa pili kwa dalali aliyemhakikishia kuwa ilikuwa ya ofisi. Akaipachika ukutani chini ya saa ya Makka, akaandika neno la siri kwa chaki: kunywachaikwanza. Vijana walikuja. Wazee nao, ambao walikuwa hawahitaji intaneti, wakajikuta wanaihitaji.

Nyumbani kwetu binti yangu, baada ya kuibiwa simu sokoni, alikuwa ametuunganisha sote katika ramani moja, kila mmoja amwone mwenzake alipo. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mama yao ni mwalimu wa hesabu na huitazama ramani hiyo kwa namna anayotazama madaftari ya kidato cha kwanza. Basi jioni moja niko Shela, nimeegemea ukuta, kikombe cha pili, muadhini wetu kando yangu anahadithia mambo ya nyonga yake, mara meseji ikaingia kutoka kwa mke wangu.

"Salamu kwa wenyeji wa Mtwapa."

Sikuelewa. Nikamjibu niko Shela, nakunywa kahawa. Akanitumia picha ya ramani: sura yangu, ile ya harusini nimecheka, imekaa juu ya kilabu kimoja cha usiku Mtwapa, na chini yake jina la kilabu, nyota zake, na picha ya ukumbi wenye taa za zambarau. Msomaji asiye wa huku aelewe kwamba Mtwapa si mji mbaya. Una watu wake wema, misikiti, makanisa na magofu ya Jumba la Mtwana. Ila umebandikwa jina la starehe, na mume wa Malindi akisikika yuko Mtwapa jioni, hakuna anayemfikiria yuko magofuni.

Nikampelekea picha ya kikombe. Akajibu: "Mtwapa hakuna kahawa?" Nikampelekea picha ya muadhini. Akakawia kidogo. "Umempeleka na yeye?"

Nilipofika nyumbani nilikuta ushahidi wa pili unaningoja mezani. Simu yetu ya M-Pesa ni moja, hukaa jikoni, na asubuhi yake nilikuwa nimeitumia kulipia mahamri ya wageni. Meseji ilikuwa wazi: zimepokewa, na jina la mpokeaji ni saluni ya urembo na kukanda viungo. Mwenye hoteli, namba yake ya kulipia ilipofungwa kwa mambo yake na benki, aliazima ya dada yake. Mke wangu aliziweka simu mbili sambamba. "Ramani inasema kilabu," akasema. "M-Pesa inasema masaji. Baba watoto, hata kadhi hutaka mashahidi wawili tu."

Nililala nikiwa mtu mwenye kesi.

Kilichoniokoa ni sukari ya muadhini. Mwanawe yuko Doha, na kwa kuwa mzee ana kisukari amemnunulia simu nzuri akaifunga ili amwone aliko saa zote, asije akaanguka njiani. Usiku uleule Doha ilipiga simu Malindi, kwa sauti ya kilio: "Baba, unafanya nini kilabuni?" Muadhini, ambaye hajavuka Kilifi tangu apasuliwe jicho, alimuuliza kilabu ndiyo dawa gani. Kulipokucha habari ilikuwa imefika kila nyumba, na ilipofika kwetu mke wangu alichukua kalamu. Muadhini ameadhini Maghrib, tumemsikia sote. Ameadhini Isha, tumemsikia, akakohoa palepale anapokohoa siku zote. Baina yao ni saa moja na dakika kama kumi. Malindi mpaka Mtwapa ni kilomita zipatazo 100, kwenda na kurudi 200. "Mzee wa miaka zaidi ya 70," akasema, "amekwenda kilabuni na kurudi kwa mwendo wa kilomita 170 kwa saa, wakati matatu hukatwa kwenye 80." Akaiweka kalamu chini. "Simu inasema uongo." Mimi niliyeapa usiku kucha sikuambiwa pole. Hesabu ndiyo iliyoaminiwa.

Kijana wa kutengeneza simu karibu na soko ndiye aliyelifumbua fumbo. Simu ikikosa setilaiti, ikiwa ndani ya nyumba kama ile ya Shela, husikiliza ruta zilizo karibu. Kila ruta hutangaza namba yake, ambayo haina mwenziwe duniani. Simu huzipeleka namba hizo kwa kampuni, na kampuni ina daftari kubwa: namba fulani iko jengo fulani. Daftari lenyewe hujazwa na sisi, kwa simu zetu, tukipita barabarani bila habari. Ile ruta ya Shela ilikuwa imetoka kwenye kilabu kilichofungwa, na daftarini ingali palepale chini ya taa za zambarau. Kila aliyeingia kunywa kahawa alihamishwa kilomita 100 kabla hajapata kiti.

Wengine walishauri tuzime kila kitu tupumzike. Nami niliwaza hivyo, ila nakumbuka shirika la habari la Associated Press lilivyogundua mwaka 2018 kwamba Google iliendelea kuweka kumbukumbu za mahali hata kwa watu waliokuwa wamezima historia ya mahali. Novemba 2022 kampuni ikakubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Majimbo 40 yenye wanasheria! Sisi wa Shela tulikuwa na muadhini na mwalimu wa hesabu.

Ijapokuwa sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mahali ulipo kuwa miongoni mwa habari zinazomtambulisha mtu, na inakupa haki ya kuziona habari zako, kuzipinga, na kutaka za uongo zisahihishwe. Kijana wa simu aliposikia hivyo alijitolea kutuandikia barua ya pamoja: sisi tuliotia sahihi hapo chini, wakazi wa Malindi, tunaomba tutolewe kilabuni. Barua iliandikwa, tena vizuri. Ilikwama kwenye sahihi. Jirani yetu mmoja, jina lake namsitiri, aligoma kabisa.

Tulishangaa, kwani yeye ndiye aliyeumbuliwa zaidi; ramani ilimwonyesha Mtwapa Ijumaa, ikamwonyesha Jumamosi, na Jumapili mchana. Halafu mmoja wetu akakumbuka kwamba Jumamosi ile jirani hakuonekana hotelini. Wala Ijumaa. Ndipo tukamwelewa. Kwake yeye ruta ile ilikuwa rehema. Mkewe akiinua simu, yeye huinua mabega: "Ni ile ruta, mke wangu, si umesikia hata ya muadhini?" Mwanamume mmoja alikuwa Mtwapa kweli, na sisi kumi na kitu tulikuwa ushahidi wake kwamba hakuwa.

Mambo hayo hayakudumu. Daftari la kampuni hujisahihisha lenyewe, polepole. Vijana wa bodaboda huegesha mlangoni pa hoteli, simu zao ziko nje, zinaona mbingu, na zinasikia ileile ruta. Kila moja ilikuwa ikitoa taarifa kwamba namba hii sasa iko Shela, Malindi. Siku moja mke wangu alitazama ramani akanikuta nilipo. Hakusema kitu, alinituma ndimu. Barua ya pamoja ikatumika kufungia mahamri.

Jirani alikaa na huzuni yake mpaka jioni moja akaingia hotelini, hakuagiza chai, akaenda moja kwa moja kwa mwenyewe akamnong'oneza. Hoteli ile hainong'oneki, sote tulisikia. Anataka kuinunua ruta.

"Unaitakia nini? Kuukuu hii."

"Si sasa inajua iko Shela?"

"Inajua."

"Basi ndiyo hiyohiyo ninayoitaka. Nina mahali nitaipachika."

Muadhini aliweka kikombe chini, akamtazama kwa muda, akasoma kitu kimoyomoyo. Mwenye hoteli alitaja bei ya ruta mpya mbili. Jirani hakubishana hata shilingi. Alitoa simu mfukoni alipe.

"Usilipe kwa simu," mwenye hoteli akamzuia mkono. "Itakuja meseji ya saluni."

Jirani akaitia simu mfukoni, akatoka mbio kutafuta noti.